Kisu Kilichopimwa kwa Sikio

Jirani yangu muuza mchele ndiye aliyeniambia kwanza kwamba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kuna mzee anayenunua visu vya zamani vya kukunja, apate kuviweka kabatini tu. Nikavuka na kisu cha marehemu baba, maana mwanangu alihitaji viatu vya shule.

Mzee alikifungua polepole, akakisogeza sikioni, akakifunga. Ta!

"Bamayo, mama yangu, mlio mzuri. Hapo naongeza."

Zamani mlio huo ulituambia kwamba baba amemaliza kutumenyea muwa.

Akapitisha kidole kwenye bapa. "Limeliwa kwa kunolewa. Napunguza."

Baba alikinoa kila jioni, kule kijijini kwetu Ndalambo.

"Ncha imevunjika. Napunguza tena."

Ilivunjika akichokoa jiwe kwenye kwato ya ng'ombe.

"Na herufi hizi mpinini, nani kaharibu?"

"Ni mimi, mzee," nilisema kwa aibu. "Nilikuwa najifunza kuandika jina langu."

Mtu mwingine aliyekuja kuuza kisu akacheka. "Afadhali jina lako fupi, mama!"

Nikauliza kisu gani hakipunguzwi bei.

"Kisichowahi kukata kitu," mzee akajibu.

Watu tungepimwa hivyo, akina mama wa mtaani kwetu Chapwa tungetolewa bure.

Bei aliyotaja ilitosha viatu. Nikaomba nifikirie hadi kesho.

Kesho yake asubuhi sikuvuka mpaka. Nilimmenyea mwanangu muwa, nikakifunga kile kisu karibu na sikio lake, naye akaenda shule na viatu vyake vya zamani, akitafuna.