Kaburi Nililojichorea kwenye Kompyuta

Mpaka leo nikipita Mkuyuni natembea nimeinamisha kichwa kwa aibu, maana pale sokoni wapo akina mama walionililia mimi huku nimesimama mbele yao.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kompyuta ndiyo zinaanza kuingia mjini, na mimi Malimi nilikuwa nasoma kwenye kidarasa cha Mama Koku, Mhaya mmoja mkali lakini mwenye roho nzuri, aliyeniahidi ualimu iwapo siku ya wageni ningewaonyesha kitu cha maana. Mashine moja ilikuwa na mchezo wa mtu anayekimbia kwenye makasri na theluji, na uliruhusu mchezaji kuchora dunia yake mwenyewe, basi nikaona nitie vya kwetu (Mwanza nani anaijua theluji?), nikafuta makasri, nikapanda migomba, nikachora nyumba ya kwao Mama Koku huko Bukoba kama nilivyoiona kwenye picha ukutani kwake, na kando ya nyumba nikaweka shimo la kumnasa mchezaji. Mchezaji nikampa jina langu, na maneno ya Kiingereza nikayageuza Kiswahili.

Siku ilipofika, mama yake Mama Koku naye alikuwepo, bibi kizee aliyeshuka meli asubuhi hiyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Hapo ni kwangu," alisema. "Na hilo kaburi mmemchimbia nani?"

Nikacheka, peke yangu. Nikamweleza ni shimo tu la mchezo, na katika kumwonyesha kidole kikateleza, yule mtu akatumbukia, kioo kikaandika MALIMI AMEKUFA, na hapo hapo umeme ukakatika. Tukabaki tunasikiliza feni ikipunguza mwendo juu ya vichwa vyetu.

"Kaburi lenye jina haliachwi tupu," bibi alisema taratibu. "Zikeni mgomba. Na msiseme ni mgomba mpaka ufukiwe."

Mama Koku, msomi wa watu, hakubisha, na mimi niliyekuwa nautaka ualimu ningebisha vipi? Mgomba tukaupata ng'ambo ya soko, tukauviringisha shuka, nikashika upande wa kichwani. Akina mama wakaacha nyanya zao wakauliza ni nani, bibi akajibu, "Malimi." Sura yangu hawakuijua, ila jina walilijua, mtoto wa yule mama wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, anayewaletea mihogo, wakaangua kilio. Nikatembea katikati yao nimefunga mdomo.

Hatujamaliza kufukia nyuma ya darasa, habari imeshavuka na kivuko. Alasiri mama yangu akafika, pekupeku, sauti imemkauka. Nilikuwa nanawa udongo, nikamkimbilia.

"Mama, ni mimi."

Akanishika mkono, akauachia.

"Mbona wa baridi?"

Ualimu alipewa mwingine, nami niliapa sitaandika tena jina la mtu aliye hai kwenye mchezo wowote. Mama alikaa kwangu siku tatu, na kila nikijilaza mchana alikuja kuniwekea kiganja puani.