Ripoti ya Wajawazito wa Ikwiriri

Kazi yangu ni kutengeneza violezo vya ripoti: mteja mpya akija, nabadilisha jina na takwimu tu, michoro inabaki ileile. Juzi zahanati moja ya Ikwiriri iliniomba ripoti ya wajawazito kwa haraka, maana wakubwa walikuwa wanakuja kuamua kama itapewa gari la wagonjwa. Nikachukua kiolezo cha mteja wangu anayenunua kamba wabichi deltani, nikabadilisha kichwa, nikajiona fundi.

Siku ya kikao, mchoro ulipotokea ukutani kwa projekta, wageni wote wakausogelea. Sista Mariamu, mkuu wa zahanati, akavaa miwani.

“Mwanangu, hebu tusomee hayo maandishi ya chini.”

Nikasoma: “Waliofika wazima. Waliooza njiani.”