Pikapu ya Vidunda na Chipu Niliyoitamani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Kilosa nilipewa ovaroli iliyonizidi kimo, nikaambiwa nisugue breki za lori kwa mafuta ya taa. Nilisugua mpaka vidole vikababuka. Mchana lori lilipakiwa magunia ya mahindi, matairi yakakazwa, nami nikasimama pembeni na kitambaa changu nikidhani kazi imekwisha. Mkuu wa Karakana, mzee mnene aliyekuwa akitembea na spana mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu, akanitazama.

"Wewe unangoja nini? Panda."

"Nipande wapi, Mzee? Mimi sijui kuendesha."

"Nani kakwambia uendeshe? Panda nyuma, kwenye bodi, pamoja na mzigo. Hapa fundi hupanda alichokitengeneza."

Nikapanda juu ya magunia. Tuliposhuka mteremko wa kuelekea mtoni moyo ulinidunda vibaya, kwa hofu na kwa raha, maana nilikuwa nimetambua kwamba zile breki nilizozisugua asubuhi ndizo zilizoshika roho yangu. Lori lilipotulia kule chini, nilicheka peke yangu kama mwehu. Niliipenda kazi siku hiyohiyo, na mapenzi hayo hayajapoa hadi leo ninapowaandikia ninyi vijana.

Ile ndiyo ilikuwa sheria ya Kilosa. Fundi akigusa gari, safari ya kwanza anakaa nyuma na mzigo. Mkuu wa Karakana alikuwa akisema dereva husikia injini peke yake, lakini aliye kwenye bodi hulisikia gari zima, na pia huwaona watu waliobebwa. Wapo waliomcheka. Mimi niliishika sheria hiyo kama sala.

Baadaye nilihamishiwa Kilangali, kwenye shamba la mbegu, chini ya Meneja wa Shamba aliyevaa tai hata akiwa katikati ya mtaro. Spea zilikuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya vyuma viwili ili oili isivuje, tulikuwa tukizichonga wenyewe kutoka kwenye maboksi, tukaziloweka oili, tukafunga tukiomba Mungu. Meneja alikuwa akija kila asubuhi na neno lake lilelile: "Fundi, trekta halina habari na shida zetu. Linajua msimu tu." Nami nilikuwa nikimjibu, "Msimu utalikuta liko shambani, Meneja." Mara nyingi lilikuwa shambani kweli, ingawa limefungwa waya kila mahali.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Mashirika yakabinafsishwa, sisi wafanyakazi tukapunguzwa, na mimi nikajikuta Mikumi, nimefungua gereji yangu kando ya barabara kuu. Wengine wanaisimulia miaka ile kwa kununa. Mimi siwezi. Niliyekuwa nikichonga gasketi kwa kisu sasa nilikuwa nikiagiza mpya ndani ya plastiki! Magari yaliyotumika Japani yakamiminika, mengine yana zulia sakafuni na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na kila nilipofungua boneti nilikuta kitu ambacho sijawahi kukiona. Kichwa kilikuwa kimeshaingia mvi, lakini nilikuwa nikiamka mapema kama mtoto siku ya sikukuu.

Katika uwanja wa gereji yangu alikuja kupanga fundi mmoja wa umeme wa magari, Denis, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyejifunzia kazi Dar es Salaam. Tulipatana sana. Denis ndiye aliyeniletea chipu.

Ilikuwa kisanduku kidogo, ukubwa wa kiberiti cha jikoni, kikiwa na nyaya. Magari mapya yalikuwa yameanza kuwa na kompyuta inayoiambia pampu imimine dizeli kiasi gani. Kile kisanduku kinakaa katikati ya kompyuta na pampu, na kompyuta inaposema mimina kidogo, chenyewe kinaibembeleza pampu imimine zaidi. Injini inakula zaidi, inasukuma zaidi.

"Mzee Rajabu, hii kitu ni noma," Denis alisema. "Twende ukaone."

Tukafunga kwenye pikapu ya rafiki yake, tukaelekea njia ya Iringa. Alipokanyaga mafuta kisogo changu kiligonga kiti, kofia ikaruka dirishani, nami nikapiga kelele ambazo mtu wa umri wangu hapaswi kuzipiga. Turudi tukaitafute kofia? Nilimwambia aiache, twende. Niliitamani chipu ile, nasema wazi, kama kijana anavyotamani viatu vipya.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Edina.

Huyu mama alikuwa na pikapu pekee iliyokuwa ikipanda Vidunda, kijiji kilicho juu mlimani, mara kwa mara. Asubuhi alikuwa akishusha maharage, ndizi na wagonjwa, jioni akipandisha chumvi, mabati na waliopona. Mlimani kuna kona moja kali yenye utelezi, na gari lilikuwa halipandi pale likiwa na watu. Likifika, wote wanashuka, wanatembea, wengine wanasukuma. Kwa hiyo ikaitwa Kona ya Kushuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Za mlimani?"

"Za mlimani si nzuri. Juzi nimempandisha mzazi, ametoka hospitali na kichanga. Tumefika kwenye kona, mvua inanyesha, kashuka naye. Katembea kwenye tope, damu inamtoka, na mimi niko nyuma ya usukani nakanyaga mafuta. Fundi, sitaki mzazi ashuke tena pale." Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akakaza sauti. "Nimesikia mna kitu cha kuongeza nguvu. Ukisema kifungwe, nitafunga. Ukisema hapana, nitaacha. Ila injini hii ikifa, Vidunda hakuna gari jingine, na mimi sina cha kununulia nyingine."

Denis alinitazama, mimi nikamtazama Denis. Sote wawili tulikuwa tukitabasamu kabla hatujafikiri.

"Tutaijaribu kwanza," nikasema. "Na mimi nitapanda nyuma."

Tulifunga chipu, tukapita Kidodi na mzigo kamili, mimi na Denis tumekaa kwenye bodi juu ya mifuko ya chumvi pamoja na abiria. Jamani, ile pikapu ilipanda! Tulipokaribia kona, abiria walianza kushika vikapu vyao kwa mazoea, mama mmoja akiwa ameshaning'iniza mguu nje. Mama Edina hakupunguza. Gari likanguruma, likageuka, likapita. Walioshika vikapu walibaki wamevishika, halafu vikapasuka vigelegele mpaka milima ikaitikia. Denis alinikumbatia. Mimi nilikuwa nimeshaamua: chipu inabaki.

Asubuhi tukashuka. Safari hii tulikuwa na mzee mmoja mwenye mguu uliovunjika, amelazwa juu ya godoro katikati ya bodi, mwanawe amemshika mabega. Mimi nilikaa miguuni pake. Mama Edina aliingiza gia ndogo kama inavyotakiwa, maana kwenye mteremko ni injini inayopaswa kulizuia gari, breki zisaidie tu. Lakini nilisikiliza, na ule mguno wa injini inayozuia sikuusikia. Gari lilikuwa likikimbilia bonde. Breki zilikuwa zikishikwa kila wakati, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda kutoka magurudumuni. Mzee aliufumba mdomo asilie. Nilimwona akikaza vidole kwenye godoro, nami nikakumbuka yale magunia ya mahindi ya Kilosa.

Nikagonga paa la kebini kwa ngumi. Gari likasimama kwenye kibanda cha ndizi. Nikaruka chini, nikapeleka kiganja karibu na gurudumu, nikakirudisha upesi.

"Mama, tangu lini inakimbia hivi kwenye gia ndogo?"

Alifikiri. "Tangu nifunge haya matairi, nilipoanza safari za Vidunda. Kabla ya hapo, kwenye milima mingine, ilikuwa inashuka taratibu."

Matairi yale mji mzima wa Mikumi ulikuwa umeyasifia. Yalikuwa ya gari kubwa zaidi, marefu, yakilinyanyua tumbo la pikapu juu ya matope na mawe. Siku zile ilikuwa fasheni. Magari yaliyotumika yakija na matairi madogo, mwenye gari anafunga makubwa ili lionekane la kiume. Lakini tairi likiwa kubwa, kila mzunguko mmoja wa ekseli unameza njia ndefu zaidi. Ni sawa na kumwambia mtu mfupi apande ngazi kwa kuruka daraja moja kila hatua. Kupanda atahema, na kushuka hawezi kujizuia. Pikapu ya Mama Edina haikuzaliwa dhaifu. Tuliifanya dhaifu kwa viatu.

Tulingoja breki zipoe, tukamfikisha mzee hospitali polepole. Tuliporudi gereji nikasema, "Chipu itoke. Matairi ya zamani yarudi."

Denis hakukubali kirahisi, na hoja yake ilikuwa nzuri. "Mzee, kwa nini tusifanye vyote? Turudishe matairi na chipu ibaki. Breki zitapata nafuu, kupanda kutakuwa raha."

Nilitaka sana kusema ndiyo. Hamjui nilivyotaka! Nikamwuliza, "Jana kule juu mshale wa joto ulikuwa wapi?"

Akajibu, "Ulikuwa juu. Na klachi ilinuka." Klachi ndiyo inayoshikanisha injini na giaboksi, na ile haikutengenezwa kubeba nguvu ya ziada.

"Ikiungua mlimani, nani atakwenda kumchukua mgonjwa?"

"Na ikishindwa kona bila chipu?" Mama Edina aliuliza. Hilo ndilo swali lililokuwa na uzito.

"Ikishindwa," nikasema, "nitaifunga mimi mwenyewe chipu kwa mikono yangu, na tutatafuta klachi kubwa." Na nusu ya moyo wangu, Mungu anisamehe, iliomba ishindwe.

Denis aliing'oa chipu mwenyewe. Ni yeye pia aliyekumbuka kwamba matairi madogo yangeshusha tumbo kwenye mawe, akashauri tuongeze jani moja la springi kila upande ili pikapu ibaki juu. Sikuwa nimeliwaza hilo. Tulifanya kazi siku nzima tukitaniana, yeye akiniita adui wa maendeleo.

Safari ya pili mvua ilikuwa imenyesha. Nyuma tulikuwa sisi mafundi wawili, abiria wa kutosha, na mzazi mmoja kijana aliyejifunika khanga yeye na kichanga chake, amejiegemeza kwenye mfuko wa unga. Tulipoiona kona, watu wakaanza tena kushika vikapu. Mama Edina akatoa kichwa dirishani.

"Asishuke mtu!"

Akaingiza gia ya kwanza. Hakukuwa na kuruka wala kelele. Injini iliguna, tairi likauma tope, likateleza kidogo, likauma tena. Tulikwenda polepole kiasi kwamba kuku wa jirani angetupita. Mama mmoja alianza Salamu Maria, mimi nikasema Bismillah, na Denis, ambaye siku zote alidai mambo ya dini ni ya wanawake, alikuwa akiitikia pande zote mbili. Katikati ya kona gari lilionekana kama limesimama. Nilijikuta naisukuma bodi kwa tumbo. Kisha pua ikanyanyuka, barabara ikanyooka, na hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele asije akaliudhi gari.

Yule mzazi akafunua khanga usoni. "Tumefika kwenye kona?"

"Tumeshapita, mama," nikamwambia. Hapo ndipo vigelegele vilipoanza, na mimi nililia mbele za watu bila aibu.

Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka, na gereji ni ya Denis. Chipu bado anafunga, kwa magari yanayopita barabara nzuri na yenye rejeta, ile inayopoza injini, ya kuzibeba, na nikipita pale huwa namwomba anizungushe kidogo niisikie tena. Vijana mnaokuja kuniuliza kama mfunge chipu kwenye pikapu zenu, sitawakataza, maana mimi mwenyewe bado ninaitamani. Nawaomba kitu kimoja tu: kabla hamjafunga, kaeni nyuma kwenye bodi siku gari linaposhuka na mgonjwa.

Mwezi uliopita nilipanda Vidunda kwenye msiba. Tulipofika pale mahali, kondakta akataja jina kama kawaida: Kona ya Kushuka. Msichana mmoja wa sekondari aliyekuwa amekaa karibu nami akaniuliza kwa nini paliitwa hivyo. Nikamwambia zamani watu walikuwa wakishuka hapa.

Akachungulia lile pori, akanigeukia kwa mshangao.

"Washuke wafuate nini hapa, babu?"