Rejista ya Darasa la Wakata Mkonge

Katikati ya miaka ya hamsini, kabla sijatimiza miaka ishirini na mitano, nilikuwa nimeshachoshwa na ualimu. Asubuhi nilifundisha watoto mjini Tanga. Mchana nikishakula na kuswali, napanda baiskeli kutoka Ngamiani, nakanyaga pedali saa nzima juani hadi shamba moja la mkonge lililokuwa njia ya Horohoro, nikafundishe watu wazima kusoma na kuandika. Darasa lilikuwa ghala la magunia. Korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, ilinguruma jirani, na mimi nilifundisha kwa kupiga kelele mpaka koo linakauka.

Wanafunzi wangu walikuwa manamba, watu wa bara walioletwa kwa mkataba. Walianza kukata mkonge alfajiri, na aliyemaliza kazi yake ya siku alikuwa huru alasiri. Huru kulala, nadhani, maana darasani walionekana wapendapo. Leo wanane, kesho kumi na saba, keshokutwa watatu na mbwa wa nyapara. Nikiita majina, najibiwa na korona.

Nilipewa masharti mawili. Mwanafunzi akikosa siku nne mfululizo, jina lake lifutwe. Na mkaguzi akikuta mahudhurio chini ya watu kumi na watano, darasa lifungwe. Nikilitii la kwanza, la pili linanikaba. Basi nikawa nawatia alama ya kuhudhuria watu ambao hawakuja. Si wote, wale niliowapenda tu. Sijisifu kwa hilo.

Kulikuwa na mmoja ambaye sikumpa alama ya bure hata siku moja. Alikuwa Muha mwenye umri wa baba yangu, mikono imechanwachanwa na miiba. Nikiingia namwamkia, "Shikamoo, mzee," naye hujibu, "Marahaba, mwalimu," amesimama wima kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu anapotea siku tatu. Akirudi anakaa mbele kabisa, anatabasamu, hana udhuru wala aibu. Hilo la kutoona aibu ndilo lililonikera.

Siku moja nilimuuliza kwa ukali anataka nini pale.

"Nataka kumwandikia mke wangu," akasema. "Yeye alifundishwa kusoma na masista. Lakini barua zangu anaandika karani wa kambi, na karani hana kifua. Mambo ya nyumba yangu kambi nzima inayajua kabla mke wangu hajayapata."

Nikamwambia mtu mwenye haja kubwa namna hiyo angekuja kila siku.

"Nitazimaliza, mwalimu," akajibu. Sikuelewa anamaliza nini, na sikuuliza.

Alipokosa siku ya nne mfululizo nilichukua wino mwekundu nikalikata jina lake. Kesho yake huyo hapo, kaoga, kaketi mbele.

"Mzee, jina lako limefutwa. Rudi kambini."

Hakukasirika. Alishangaa tu. "Limefutwaje, na siku zangu zipo?"

Akatoa mfukoni kipande. Kila kibarua wa mkonge alikuwa na kadi hiyo, yenye nafasi za siku thelathini. Ukifanya kazi, karani anatia alama. Usipokwenda, nafasi inabaki wazi, wala siku ulizokwisha kufanya haziguswi. Thelathini zikitimia unalipwa na kupewa kadi nyingine. Kadi ile ya mzee ilikuwa ya zamani, imekwisha kazi. Upande wa nyuma alijichorea vijumba thelathini vyake mwenyewe, na kila siku aliyokuja darasani alitia alama ya penseli. Pamoja na ya siku ile, zilikuwa zimefika ishirini na sita.

"Siku nilizofanya ni zangu," akasema taratibu. "Hata meneja hazifuti."

"Ndivyo," wakaitikia wenzake nyuma, wanane waliokuwapo.

Nilikaa juu ya gunia. Wote walidhani shule ni kipande: ukitimiza thelathini, kwa mwendo wako, umejua kusoma. Mimi niliyekulia chuoni kwa maalimu wa Kurani, ambako ukikosa siku moja unakula bakora, sikuona haja ya kumweleza mtu kwamba shule ni ya kila siku. Miezi mitatu nilikuwa nawatukana moyoni kwa sharti wasilolijua. Na rejista yangu ilikuwa imejaa siku ambazo watu hawakuzifanya, huku za huyu aliyezifanya nimezikata kwa wino mwekundu. Niliona haya, na mimi haya ikinizidi hukasirika. Nikaliandika jina lake upya chini ya ukurasa, nikamwambia kwa sauti mbaya akae.

Akaja siku mbili nyingine. Ya tatu nilifika nikakuta lori limekuja kuwachukua watu wa kundi lake, mkataba wao umekwisha. Wakati huo aliweza kusoma maneno mafupi, barua bado. Nikamwambia zile siku mbili zilizobaki nitamwandikia, nimpe na karatasi ya kuonyesha kwamba amehitimu. Nilidhani namfanyia hisani.

"Sikuzifanya, mwalimu. Ziache. Nikirudi nitakuja kuzimaliza. Wewe usiondoke tu."

"Siondoki," nikasema. Mtu aliyechoka huahidi upesi.

Tangu hapo niliwatia alama waliokuja tu, na hawakutosha. Kabla ya Ramadhani mkaguzi alilifunga darasa. Nitasema kweli, nilifurahi. Alasiri ya kwanza nililala mpaka nikaamshwa na adhana ya magharibi.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule karani wa kambi sokoni Ngamiani. Akanishika mkono, anacheka.

"Yule Muha wako karejea kwa mkataba mpya! Akimaliza kukata huenda kukaa mlangoni pa ghala. Namwambia, mzee, darasa limekufa. Ajibu, mwalimu amekosa siku chache tu, atarudi."

Kisha akaniambia kwamba wiki ile amemwandikia barua ya kwenda kwa mkewe, na palepale, kati ya wauza mchicha, akaanza kunisimulia yaliyomo. Sikumnyamazisha. Nilisikiliza mpaka mwisho, ya ugonjwa wa mtoto na ya ugomvi wa shamba, halafu nikasema Jumamosi nitakwenda.

Jumamosi jua lilikuwa kali, nikalala. Jumamosi ya pili niliitoa baiskeli hadi barazani, nikairudisha ndani. Sikwenda hata siku moja.