Kilo za Kevo, Seti za Musyoka

Kama ulikuwa kanisani kule Kalama siku ya ubatizo wa mtoto wangu, hii ruka, wewe ulijionea na najua umeshaisimulia vibaya. Nawaandikia wale walioipata nusu, wakaambiwa ati nilishukiwa na Roho, ama ati nilikuwa nimekunywa. Sikushukiwa na chochote. Nilikuwa nimeinua chuma, basi, na miguu ikakataa kazi mbele ya padri, wakwe na kwaya nzima, na nikikumbuka masikio bado yanapata moto.

Mambo yalianza na maji. Mama mkwe wangu, tunamwita Mwaitu, anaishi Kalama, na huko maji yanachotwa mtoni kwenye mchanga, unachimba shimo, unangoja yajae, unajaza mtungi wa lita ishirini, halafu unaubeba mgongoni na ile kamba ya kupitisha kwa paji la uso, mukwa. Mimi nimezaliwa Machakos mjini kwa ploti yenye mfereji (sio makosa yangu). Tulipoenda kumwonyesha mtoto nikafuatana na wanawake wa boma mpaka mtoni, nikabebeshwa mtungi kama wao, na katikati ya kilima mgongo ukaniambia hapana. Mtungi ukateremka peke yake, ukipiga mawe, mpaka tulikotoka. Mwaitu hakunipigia kelele. Alisema tu, kila mtu akisikia, "Huyu hana mgongo. Sasa atalea na nini?"

Mngedhani ni maneno ya kupita. Mtoto wangu anaitwa Kalondu, jina la Mwaitu, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, na Mwaitu akimtaja hasemi mjukuu, anasema "mimi". Anapiga simu anauliza, "Mimi nimelala? Mimi mmenipa uji?" Kwa hivyo alipoanza kusema mtoto aachwe Kalama mimi nirudi kazini (nashona sare za shule kwa duka moja mjini), hakuona kama anachukua mtoto wa mtu, aliona kama anajichukua mwenyewe. Ikaamuliwa, na nani usiniulize, kwamba maneno hayo yazungumzwe siku ya ubatizo, baada ya chakula, wazee wakiwepo. Mume wangu, Mutinda, akasema, "Tutaona." Mutinda husema tutaona kwa kila kitu, hata paa likishika moto.

Nikaingia jimu. Usicheke. Iko ghorofa ya juu, juu ya duka la mbolea, harufu ni mbolea na jasho. Kocha ni Musyoka, mtu mpole asiyependa haraka, na siku ya kwanza nikamwambia wazi nataka mgongo na mapaja ya kubeba mtungi wa maji kilimani bila kuaibika, na nataka kabla ya ubatizo. Akanipa vyuma vyepesi. Nikamuuliza kama ananiona mtoto.

"Mama Kalondu," akasema, "msuli hausomi kilo zilizoandikwa kwa chuma. Unachojua ni umechoka ama haujachoka. Beba chepesi, rudia mpaka zile za mwisho ziwe shida, utakua. Ukitaka kizito pia sawa, lakini unarudia kidogo, na unapumzika. Ukiongeza kilo, usiongeze seti, yaani zile raundi za kurudia. Ukiongeza seti, usiongeze kilo. Kimoja kimoja, wiki kwa wiki."

Nikamfuata, nitasema ukweli, na ilikuwa inafanya kazi. Mapaja yakaanza kuonekana, nikawa nambeba Kalondu mgongoni sokoni na kurudi bila kusimama kwa kila ukuta. Lakini kichwani nilikuwa na Mwaitu, na Mwaitu habebi mtungi mwepesi mara nyingi, anabeba mtungi mzito mara moja, kwa hivyo kila nikishika vile vyuma vidogo nilikuwa nahisi kama nadanganywa.

Ikafika Ijumaa, ubatizo ni Jumapili. Musyoka hakuwepo, alikuwa ameenda mazishi kwao. Aliyekuwepo ni Kevo. Kevo ni kijana wa mabega, anaendesha bodaboda, anafanya mazoezi akijiangalia kwa kioo kama anayetafuta kasoro na haioni. Akaniangalia na vyuma vyangu.

"Mathe, hiyo ni dambeli ama ni kijiko?"

Watu wakacheka. Ningenyamaza, leo hata singekuwa na cha kuandika. Lakini nikamwambia, "Toka hapo kwa chuma," na nikaingia chini ya chuma chake, na vyuma vyake vyote pembeni, nikaweka mabegani, nikashuka, nikapanda. Kweli nilipanda! Kevo akasema, "Wueh, mathe!" na hapo ndipo mtu mwenye akili angerudisha chuma aende nyumbani. Mimi nikafanya hesabu yangu ya kijinga: kizito kinajenga, kurudia kunajenga, kwa hivyo kizito nikikirudia mara zile zote za vyepesi nitajengeka mara mbili, na Jumapili nitaingia Kalama na mapaja mapya. Nikachukua kilo za Kevo na seti za Musyoka, zote, mpaka ya mwisho, huku Kevo ananihesabia na wenzake wanapiga makofi. Jioni nilikuwa natetemeka na nilikuwa na furaha. Maumivu yalipoanza nikafikiri ni nyama inaota.

Jumamosi nilishuka kitandani kama nyanya wa mkongojo. Jumapili ilikuwa mbaya zaidi (hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba siku ya pili ndiyo yenyewe). Mapaja yalikuwa magumu kama mbao, hayakunjiki, nashuka ngazi nikiwa nimeangalia nyuma, nimeshika ukuta, na Mutinda amebeba mtoto pale chini anacheka mpaka anafuta macho. "Ndio mgongo huo?" akasema. Hilo neno nilimwekea.

Kanisani nilijipanga: nitasimama muda wote, mtu akiniangalia nitaonekana mcha Mungu. Ikaenda vizuri mpaka maji yakamwagwa, Kalondu akalia kidogo, wanawake wakapiga vigelegele, na Mwaitu, amevaa kitambaa chake cheupe cha kina mama wa kanisa, akamchukua mtoto kwa mikono ya mama wa ubatizo kama kitu alichokuwa amekisahau hapo. Basi padri akasema sasa wazazi wapokee baraka, na katekista akatuonyesha chini kwa mkono. Magoti.

Mutinda akapiga magoti. Mimi nikaanza kushuka, nikafika mahali fulani katikati, halafu miguu ikaachilia yote na nikaangukia magoti kwa kishindo, sakafu ya simiti, puu! Padri akaruka neno. Akamaliza baraka, Mutinda akainuka, kwaya ikaingia na wimbo, watu wakarudi viti vyao, na mimi niko pale. Nikatuma ujumbe kwa miguu, haukufika. Nikaweka mikono chini nijisukume, makalio yakapanda, kichwa kikabaki, nikakaa hivyo mbele ya altare, na nyuma yangu nikasikia mwanamke anasema kwa sauti ya kilio, "Ai, Ngai! Angalia vile anasujudu!" Vigelegele vikaanza upya. Kwaya ikaona mambo yamekuwa mazito, ikarudia ubeti.

Padri akainama, akaninong'oneza, "Mama, inatosha. Mungu amesikia."

Nikamnong'oneza, "Padri, siwezi kuinuka."

"Una shida gani?"

"Mapaja."

Akaniangalia. Akamwita katekista, katekista akanishika kwapa hili, Mutinda lile, na sketi yangu, ambayo nilikuwa nimejishonea iwe ya kubana ndio mapaja yaonekane, ikapasuka mshono wa nyuma kutoka chini mpaka pahali ambapo sitaandika. Nilitolewa kanisani nimefungwa leso ya mtu, nikitembea kama mkasi, na Mwaitu akiwa mbele na mtoto, hageuki.

Nyumbani kwa Mwaitu tukala. Yaani wao walikula. Mimi niliwekwa kwa kiti cha mbao chini ya hema, karibu na ukuta, na nikaomba nipewe mtoto nimnyonyeshe, nikapewa. Halafu wazee wakajisafisha koo. Mjomba ya Mutinda akasema tumekuja na jambo la furaha, na pia kuna jambo dogo. Jambo dogo alikuwa amelala kwa titi langu.

Mwaitu akasimama. "Mmemwona wenyewe leo," akasema. "Mimi sisemi ni mtu mbaya. Nasema hana nguvu. Mtu ambaye hawezi kujiinua kanisani, mtoto akianguka atamwinua na nini? Mimi nibaki hapa. Wao wawe wanakuja kunisalimia."

Vichwa vikatikisika kumkubalia. Mutinda akaangalia viatu vyake.

Sasa nitawaambia vile mimi huwa. Mimi nikikasirika nainuka, naenda nyuma ya jikoni, nalia huko mpaka niishe, na nikirudi nakuta mambo yameshaamuliwa na mtu ananipa chai. Na siku hiyo nilijaribu. Nilishika kiti mikono yote miwili niinuke niende, na sikwenda popote. Nilibaki. Machozi yalikuja na hayakuwa na mahali pa kwenda, yakarudi, na kilichobaki kilikuwa hasira peke yake, kavu, na watu wote wananiangalia wakingoja nisimame kama kuna neno, kwa sababu mbele ya wazee mke haongei amekaa.

"Mjomba, nitaongea nimekaa," nikasema. "Mnisamehe. Miguu imeharibika, na imeharibika kwa sababu nilikuwa najifundisha kubeba maji ya hapa."

Nikawaambia yote, jimu, Kevo, seti. Wengine wakacheka, nikawangoja wamalize. "Mwaitu anasema sina nguvu. Nguvu ya kuinua ninayo, niliinua hata kilichozidi, nilichokosa ni adabu ya kuongeza polepole. Hiyo nitajifunza. Lakini huyu ananyonya. Haendi kubaki popote bila titi, na titi linaenda Machakos leo jioni. Mwaitu akitaka kukaa na yeye, kwangu kuna kitanda."

Mwaitu akaja pale nilipo, nikafikiri anamnyakua mtoto, nikamshika Kalondu na mikono ambayo ilikuwa mizima kabisa (Ijumaa nilifanya miguu tu). Akasimama hapo akaniangalia mapaja, akaligonga moja kwa kidole kama mtu anayejaribu tikiti, nikapiga nduru.

"Mwiitu wakwa," akasema, yaani msichana wangu, "hata maji yenyewe, ulibebeshwa mtungi mkubwa siku ya kwanza na nani? Sisi tulianza na kibuyu."

Ni yeye alinibebesha. Hakusema pole, na sikungoja. Alirudi akakaa, akamwambia mjomba aombe, watu wana safari. Hilo ndilo lilikuwa jibu: Kalondu anarudi na sisi.

Watu wakaanza kutoka. Mutinda akaja mbele yangu na funguo. "Twende. Unangoja nini?"

"Uniinue."

Akajaribu. Akapumua. Akajaribu tena. "Umekuwa mzito."

"Hiyo ni misuli," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno ya pekee niliyompa mpaka Jumatano.

Nimerudi jimu. Naongeza kilo ama naongeza seti, kimoja, na Kevo akiongea naendelea kuhesabu. Na nimeapa: wakizungumza juu ya mtoto wangu tena, nikiwa na miguu mizima ama mibovu, sitaenda kulia nyuma ya jikoni ya mtu. Nitakaa kwa kiti.