Mkate Usiotiwa Chumvi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mama yangu alipika mkate wa Meza ya Bwana, nami nilikaa kando ya jiko nikimtazama na kununa. Alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la mabati kule mtaa wa Kaptembwo. Jua likiwaka tulikuwa watu arobaini. Mvua ikinyesha hata kumi hatufiki, na hao kumi hawasikii mahubiri kwa kelele za paa. Mkate wenyewe ulikuwa chapati, unga na maji basi, bila chumvi wala mafuta, uliochomwa kwenye kikaango kikavu. Alisukuma akiomba, na wakati huo hakuna aliyethubutu kumsemesha. Akimaliza, aliosha vigilasi vya plastiki kimoja kimoja na kupiga pasi kitambaa cheupe. Jumapili alivipanga vyote mezani, halafu akaenda kukaa kando kama mgeni.

Kumega mkate haikuwa kazi yake. Katika dhehebu letu anayemega ni yule aliyewekewa mikono na askofu, na mama alikuwa ametumika miaka na mikaka bila kuwekewa. Alihubiri, alipatanisha wanandoa waliorushiana sufuria, aliosha maiti za watu wasio na ndugu. Lakini mezani alimsubiri mchungaji kutoka Gilgil, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Wakubwa walisema suala la wanawake bado linajadiliwa. Walikuwa wakilijadili tangu niko darasa la tatu.

Kilichobaki mezani hakikutupwa. Mchungaji wa Gilgil alikuwa na haraka ya kurudi kwake, kwa hivyo mama alichimba kashimo nyuma ya kanisa, karibu na ukuta, akakizika. Kuzika aliruhusiwa.

Muumini wake wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyeuza mboga kando ya barabara. Sote tulimwita Shosho. Kabla mabati hayajapatikana, kanisa lilikutana chumbani kwake, watu wakikaa kitandani na juu ya magunia. Shosho alipozeeka moyo ukamchoka, na wiki moja akashindwa kabisa kuinuka. Jumanne akaomba apewe Meza ya Bwana.

Mama alimpigia simu mchungaji wa Gilgil. Alijibu kwa upole kwamba ana mazishi, kisha semina. "Jumapili nitafika, dada. Mwambie avumilie."

Siku iliyofuata nilitoka mtaa wa Section 58, ninakoishi, nikamkuta mama akimkanda Shosho miguu kwa maji moto.

"Mama, si unga uko kwa nyumba? Pika ule mkate leo," nikamwambia. "Mpe."

"Siwezi."

"Si ni wewe huupika?"

"Kupika nimepewa," alisema bila kugeuka. "Kumega sijapewa."

"Na nani atajua?"

"Mimi."

Shosho alikuwa ametusikia. Alifungua macho akasema, "Pasta, hata kidogo tu." Mama akapiga magoti, akamsomea zaburi, akaushika mkono wake akaupapasa. Hakumpa. Shosho akatuacha Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na Jumapili mchungaji wa Gilgil akafika kama alivyoahidi.

Nilimwambia mama maneno makali siku hiyo. Nilimwambia sheria ni msumeno, lakini wake unakata upande wa maskini peke yake. Aliingia kanisani kupanga vigilasi, akajaza kimoja zaidi ya hesabu ya watu, akakiweka pembeni. Baada ya ibada nilimwona akimimina kile kinywaji shimoni, polepole, huku machozi yakimtoka. Hata hilo halikunilainisha. Tangu siku hiyo nikawa sishiriki. Nilihudhuria kwa ajili yake, lakini sahani ikinifikia nilitikisa kichwa ikapita. Aliona kila mwezi, na hakuniuliza.

Miaka miwili baadaye koo lake likaanza kukataa chakula. Kwanza ugali, kisha wali, kisha ikabaki uji na chai. Tulipokwenda hospitali daktari alituambia ni saratani, na akatueleza kwa upole kwamba tumechelewa. Alikonda hadi pete ya ndoa ikawa inamdondoka kwenye beseni la vyombo. Bado alihubiri, ameketi.

Hapo ndipo barua ilipofika. Wakubwa walikuwa wamemaliza kujadili. Askofu angekuja Jumapili ya mwisho wa mwezi kumwekea mikono, na siku iyo hiyo angeongoza Meza yake ya kwanza. Nilicheka kwa uchungu. Mama aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Jumamosi alipika mkate mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, mimi nikimshikia ubao wa kusukumia. Alipomaliza kuomba akaniuliza, "Kesho utakula?"

"Tutaona," nikasema.

Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje. Askofu alipomwekea mikono kichwani nililia, sitadanganya. Kisha mama akasimama mezani. Mikono ile ilijua unga miaka yote, lakini kumega haikuzoea, na kipande cha kwanza kilimvunjikavunjika. Chake mwenyewe alikigusisha tu midomoni akakirudisha sahanini, kwa kuwa hakingepita. Kwa kawaida wazee wa kanisa ndio huzungusha sahani. Yeye alikataa, akaibeba mwenyewe benchi kwa benchi, mzee mmoja amemshika kiwiko.

Alinifikia. "Mwili wa Bwana, mwanangu."

Niliiangalia ile sahani nikamwona Shosho. Nilitaka ajue, walau mara moja, inavyouma kunyimwa. Na moyoni nilijiambia kuna mwezi ujao. Nikatikisa kichwa. Nikasikia anavyopumua kwa shida, kisha akasogea kwa jirani yangu.

Baada ya ibada hakuwa na nguvu za kuchimba. Alinipa sahani akasema, "Niendee huko nyuma." Kulikuwa na makombo na vipande viwili, chake na changu. Nilichimba kwa panga, nikavimimina, nikafukia.

Mwezi ujao haukumkuta. Mchungaji wa Gilgil ndiye aliyemzika, na alilia kunishinda. Hasira hasara, mama alikuwa akiniambia nikiwa mdogo nikisusia chakula, na mimi nikasusa mpaka mwisho. Shosho aliomba akanyimwa kwa sheria. Mimi nilipelekewa hadi kwenye benchi nikakataa kwa ukaidi wangu tu.

Kanisa lina mchungaji mwingine sasa, na mkate siku hizi hutoka dukani. Bado naenda. Sahani ikinifikia natikisa kichwa, na waumini hudhani sijamsamehe mama. Sijawaambia kwamba changu nilishapewa, na nikakizika kwa mikono yangu.