Jina Pembeni mwa Ukuta

Mzee Brashi alikuwa amepaka mabango ya watu kwa miaka thelathini, na kila kazi aliitia jina lake pembeni kwa rangi nyekundu. Alikuwa na kasoro moja tu: neno "sijaelewa" halikuwahi kumtoka mdomoni.

Mwalimu wa sayansi alimpa mchoro aupake kwenye ukuta wa darasa. Akamweleza kwamba kuna jiwe kubwa mno angani, linalizunguka jua kama dunia yetu, na njia yake inaikaribia yetu. Lakini imeinama, kwa hiyo hupita juu ya yetu bila kuigusa.

"Umenipata, fundi?"

"Mwalimu, hii naipaka nimefumba macho."

Bora angeyafumbua. Ukutani njia mbili zilikatana, na fundi wa mabango hapendi nafasi tupu. Pale zilipokutana akaiweka dunia, na jiwe akaligusisha nayo kabisa.

Wiki haikuisha, mwalimu akiwa safarini, watoto wakaanza kulia. Mjukuu wake, aliyesoma darasa hilohilo, akagoma kula.

"Babu, jiwe litatugonga lini?"

"Halitugongi, mama."

"Mbona wamelichora likitugonga?"

Masikio yalimwaka kwa aibu. Kusema ukweli kukamshinda. Asubuhi alitangulia shuleni, akasogeza kabati lililokuwa limelificha jina lake pembeni mwa ukuta, akalifuta kabla mtoto yeyote hajaliona.

Jumamosi, wakiwa mezani, mjukuu akasema, "Nimewaambia wenzangu, fundi aliyechora vile hajui kitu. Wangekuita wewe, babu."

Alirudisha tonge sahanini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na sifa. Aibu ya kukosea ilikuwa ndogo kuliko hii ya kusifiwa na mtoto aliyedanganywa naye.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa na pete mbili za waya. Akainamisha moja, ikapita juu ya nyingine bila kuigusa.

"Njia ya jiwe ndiyo hii," alisema. "Ule mchoro niliuchora mimi. Sikuelewa, nikaona haya kuuliza. Halafu nikafuta jina langu."

Mjukuu aliinamia daftari lake, asimtazame.

Alipaka upya mpaka saa sita, jiwe huku, dunia kule. Watoto wengine walishatoka alipoanza kufunika makopo yake.

"Babu," mjukuu akaita kutoka kwenye dawati lake. "Jina hujaweka."

Akafungua tena kopo la nyekundu. Aliandika bila kupiga mstari, herufi zikaenda upande, na hakuzirekebisha.